Nilivyoipasha Moto Ngoma ya Mkwe

Dada yangu alikuwa na desturi ya kuniandikia barua fupi zenye amri. Ile ya mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, ilisema hivi: mtoto atacheza Jumapili ya mwisho wa mwezi, mshonee vazi kwa vipimo hivi, ulilete mwenyewe, na ukifika ukae kimya. Vipimo aliviandika pembeni kwa penseli. Neno la kukaa kimya alilipigia mstari mara mbili.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Mbeya, kwenye baraza la duka la vitambaa, na siku za harusi na sikukuu nilikuwa mpiga ngoma. Cherehani ndiyo iliyonilisha, lakini ngoma ndiyo iliyonivimbisha kichwa. Katika mtaa wetu, wa watu ambao baba zao walipanda milimani kutoka pwani wakifuata biashara, harusi isiyo na mimi ilihesabiwa haijafana. Angalau mimi niliihesabu hivyo.

Dada aliolewa Iringa na fundi seremala wa Kihindi, Baniani, mtu mpole anayepima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Ndoa ile ilisemwa na kila mwenye mdomo, wa kwetu na wa kwao, kwa hiyo sina cha kuongeza. Kwetu mama alilia wiki mbili, kisha mkwewe akamletea kabati la vyombo, akaanza kumsifu mpaka tukachoka. Kwao hakukuwa na kabati la kusaidia. Baba yake shemeji, mzee mwenye duka la sufuria na mabakuli mitaa miwili kutoka nyumbani kwao, alisema hatakanyaga nyumba ya mwanawe, wala hatakunywa hata maji ndani yake. Akalishika neno lake. Miaka kumi na mitatu ilipita. Mtoto alizaliwa, akatambaa, akaanza shule, na babu yake alipokutana naye njiani alimsalimia kama anavyomsalimia mteja: vizuri, kwa adabu, kisha huyo amekwenda zake.

Mtoto mwenyewe, mpwa wangu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu isiyotulia. Mke wa karani mmoja wa Kihindi, mama aliyefundwa uchezaji wa kwao tangu utotoni, alikuwa akiwafundisha wasichana wa Kihindi wa pale mjini kila Jumamosi. Shemeji akampeleka na wake. Kina mama wengine walinong'ona, mwalimu akajifanya hasikii. Nilimpenda mwalimu huyo kabla sijamwona.

Basi la Iringa nilipanda alfajiri, vazi nimelifunga ndani ya foronya safi na kulipakata kama mtoto mchanga. Lilikuwa gauni jekundu, refu, la vipande vingi vilivyochongoka juu na kupanuka chini, ili mvaaji akizunguka lifunguke lote. Nililijaribu mwenyewe nyuma ya duka, mlango nimeufunga kwa komeo, na lilifunguka vizuri sana. Naomba habari hiyo isifike mbali. Basi liliposimama pale Igawa nilimnunulia dada mchele wa Ubaruku, maana huwezi kwenda kwa dada mikono mitupu, na papo hapo abiria mmoja akataka kuweka kikapu chake cha samaki wakavu juu ya foronya yangu. Tulikosana naye mpaka Makambako. Aliposhuka tulikuwa marafiki, lakini kikapu hakikupanda.

Iringa nilikuta baridi ya mwezi wa sita na manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. "Kamwene!" akanipokea mchukuzi wa stendi, nami nikamjibu Kihehe changu chote, ambacho ni neno hilo hilo.

Kesho yake, Jumamosi mchana, tulikuwa jikoni. Mpwa wangu alilivaa gauni, akazunguka mara moja, likafunguka, akacheka, nami nikatazama pembeni kama mtu aliyeingiwa na moshi. Kisha akaleta njuga zake. Si njuga mbili tatu kama tunazofunga sisi. Zilikuwa za shaba, ndogo, zimefumwa kwenye kamba ndefu inayozungushwa kuanzia kifundo cha mguu mpaka karibu na goti.

"Mjomba, usiguse, utazichanganya."

"Mama, mimi nimezaliwa na njuga."

"Hizi si za huko kwenu," akasema, kwa kiburi kile kile cha upande wetu.

Akanionyesha jinsi wanavyojifunza. Kwanza mdomo, ndipo miguu. Kila pigo la ngoma lina neno lake, na mwanafunzi huyasema maneno hayo huku akipiga makofi kabla hajaruhusiwa kuinua unyayo. Dha, dhin, dhin, dha. Akisikia "dha" anajua mikono yote miwili imeshuka kwenye ngoma. Akisikia "tin" ni mmoja tu. Mwishoni mchezaji hurudia fungu moja mara tatu, na pigo la mwisho kabisa mguu na ngoma lazima vianguke pamoja, juu ya moja, yaani pigo linalofungua hesabu. "Ukichelewa kidogo tu umeharibu," alisema. "Ukiwahi pia."

"Na hiyo ngoma anapiga nani?"

Dada aliacha kupeta mchele. "Mkwe wangu," akasema.

Mzee wa sufuria ndiye peke yake mjini aliyejua kupiga tabla, zile ngoma zao mbili zinazokaa sakafuni. Wasichana wote angewapigia yeye, na mpwa wangu alipangwa wa mwisho. Watu walikuwa wakisema zamu ya mtoto huyu ikifika, mzee atafunika ngoma zake na kuondoka.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Mazoezi yote anakuja. Zamu ya huyu ikifika, anakumbuka kwamba duka hakulifunga vizuri."

Mpwa wangu alikuwa amechuchumaa akizifuta njuga kwa kitambaa. "Akipiga nitacheza," alisema. "Asipopiga nitacheza vile vile. Ila sitakuwa na wa kukutana naye kwenye moja."

Damu ilinichemka. Nilisimama kabisa, nikatafuta kofia yangu, nikiwa nimeazimia kwenda dukani kwa mzee nikamuulize kama sufuria zake nazo huzisalimia kama anavyomsalimia mjukuu wake. Dada alinitazama tu. "Nilikuandikia nini?" akauliza. Nikakaa.

Jumapili alasiri tulikwenda kwenye ukumbi wa shule ya Wahindi. Shemeji alikaa upande wa wanaume, mikono ameibana katikati ya magoti. Mimi na dada tulikaa nyuma karibu na mlango, upepo wa Iringa ukitupiga kisogoni. Jukwaani kulikuwa na mkeka, mwalimu na kinanda chake cha mkono, na pembeni mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi, ngoma mbili mbele yake: kubwa ya bati iliyofanana na sufuria, na ndogo ya mti.

Nitasema kweli. Mwanzoni nilidhani wanajaribu vyombo, kumbe wameshaanza. Mwalimu aliimba, sauti ikipanda na kushuka mahali pamoja kwa muda mrefu, nikapiga miayo miwili na kiwiko cha dada kikanihesabia yote. Kisha msichana wa kwanza akaingia, akagusa sakafu kwa vidole na kuvipeleka machoni, akaanza kupiga miguu. Usingizi ukanitoka. Mimi napiga ngoma kwa viganja na mabega, nikimaliza shati limelowa. Mzee yule alipiga kwa ncha za vidole, ametulia kama mtu anayekanda unga wa chapati mbili tatu, na sauti iliyotoka ilikuwa nyingi kuliko ngoma zenyewe. Mguu ukiuliza, kidole kinajibu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, mikono yake ikanivunja nguvu.

Lakini jambo moja lilinisumbua. Kila mchezo ukiisha, mzee alichukua kinyundo kidogo, akagonga-gonga ukingo wa ile ngoma ndogo, akainamisha sikio, akakunja uso, akagonga tena. Baada ya mchezo wa tatu nilijua shida yake. Ngoma ina baridi! Ngozi yoyote hulegea kwenye manyunyu, na kwetu hata mtoto anajua dawa yake ni moto. Hatupigi ngoma haijaota moto. Tena kazi ya kupasha haifanywi na mpigaji. Hufanywa na mdogo wake, au mkwe, na ni heshima kubwa. Nikamtazama mzee wa watu anavyohangaika na kinyundo, hana hata mmoja wa kumpashia ngoma, nikamwonea huruma.

Hapo ndipo shetani aliponiletea wazo, na lilikuwa wazo zuri, nalitetea mpaka leo. Mtu akikupashia ngoma, umeshaingia deni la adabu. Huwezi kunyanyuka na kumkatalia mtoto wake. Mimi, mjomba wa mtoto, nikimpashia ngoma mzee, atakuwa amefungwa kwa heshima. Atapiga apende asipende.

Kabla ya zamu ya mpwa wangu palikuwa na mapumziko. Watu walitoka kwenda kunywa chai, mzee akafunika ngoma zake kwa kitambaa akatoka nao. Nilimwambia dada naenda kujinyoosha. Nikapanda jukwaani kwa mlango wa pembeni, ile ya bati nikaiacha, ndogo nikaikumbatia chini ya koti mpaka uani, ambako kina mama wa Kihindi walikuwa wakikaanga bajia. Palikuwa na seredani ya akiba, makaa yamewiva vizuri, mekundu. Mama mmoja aliniuliza nafanya nini. "Kazi ya kiume, mama," nikamjibu.

Niliinamisha uso wa ngoma kuelekea makaa, shibiri mbili hivi, kama ninavyofanya siku zote, nikiizungusha na kuigusa kwa kidole kusikiliza. Katikati ya ngozi kulikuwa na duara jeusi la kitu kama lami, nikadhani ni uchafu wa uzee. Ikaanza kuitika. Tin. Tin. Sauti ikapanda, nyembamba, safi, mpaka nikajisifu moyoni. Nikasema bado kidogo. Nikaisogeza.

Ilipasuka kwa mlio wa gurudumu la lori. Mama wa bajia aliangusha mwiko ndani ya mafuta.

Watu husema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ile haikuwahi hata kuvuma, niliipasua kwa ujuzi. Nilisimama pale nimeishika, ngozi imeachama, lile duara jeusi limemenyeka vipande vipande, nikafikiria kwenda stendi. Halafu nikakumbuka Jumapili hakuna basi la Mbeya. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu walikuwa ndani ya ukumbi, mmoja wao amevaa gauni jekundu.

Niliporudi ndani mzee alikuwa ameshakaa. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake na mbele yake ngoma moja. Nilipita katikati ya viti kutoka mlangoni mpaka jukwaani, na sijapata kutembea njia ndefu kama ile, hata ya Chunya kwa miguu ni afadhali. Nikaiweka ngoma mbele yake.

"Samahani, mzee," nikasema. "Nilikuwa naipasha moto."

Aliingiza vidole vitatu kwenye tundu, akavitoa. "Moto?" akasema.

"Kwa sababu ya baridi, mzee."

"Hii hapana kuku!" Sauti yake ilifika mpaka uani. "Hii hapana muhindi ya kuchoma! Nani nakwambia wewe hii ngoma nasikia baridi?"

Watoto walicheka. Wakubwa hawakucheka. Nilisikia mnong'ono ukitembea kwenye viti, na ingawa sijui Kihindi niliuelewa wote: mzee amepata sababu. Sasa angeweza kuondoka mbele ya macho ya watu na asilaumiwe na yeyote. Nilimtafuta dada kwa macho. Alikuwa amejifunika ushungi mpaka puani, na nilijua analia. Nilitaka ardhi ipasuke, mimi niliyempasulia mtoto siku yake.

Mwalimu alisimama, akaanza kusema kwa upole kwamba basi, tuishie hapo. Kabla hajamaliza tulisikia njuga. Mpwa wangu alikuwa anaingia. Alitembea mpaka katikati ya jukwaa, akagusa sakafu, akapeleka vidole machoni, akasimama, mikono imeinuliwa kifuani, akamgeukia babu yake. Alisubiri tu, kama mteja aliyeambiwa subiri kidogo, na gauni langu likitetemeka upindoni.

Mzee alikunja kitambaa chake. Akakikunja tena. Sijui yaliyopita kichwani mwake na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba siku zote za mazoezi, kama angetaka, angeweza kumpigia mtoto yule huku ameinamia ngoma, asimwone. Sasa ngoma ndogo haikuwepo, na kubwa peke yake haipigiki. Alichobakiwa nacho ni mdomo.

Alikohoa. Akapiga kofi moja. "Dha," akasema. "Dhin, dhin, dha."

Miguu ikamjibu.

Alianza polepole, sauti imekwaruza, akiyatamka maneno yale moja moja, na ilimbidi amtazame, maana asipomtazama hajui yuko wapi. Mtoto naye alimkazia macho. Sauti ikakolea, makofi yakaharakisha, mzee akapiga magoti, kofia ikamwendea upande, maneno yakimtoka mfululizo kama mtu anayegombana na kubembeleza kwa pumzi moja. Njuga zilimfuata, zikampita, zikamngoja. Gauni lilifunguka lote. Nilisahau aibu yangu, nikaona nami napiga goti langu. Wakafika kwenye lile fungu la mwisho. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu, na "dha" ya mzee na unyayo wa mtoto vikaanguka pamoja, sauti moja.

Dada yangu alipiga kigelegele. Hakuna aliyewahi kupiga kigelegele katika ukumbi ule, nadhani, lakini kilipigwa, tena kirefu. Watu wakapiga makofi. Mzee alinyanyuka, akachukua ngoma zake zote mbili, nzima na mbovu, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kuaga.

Usiku ule hatukujua tufurahi vipi. Shemeji alisema baba yake amemsaidia mwalimu, ndiyo hivyo tu, tusijenge ghorofa juu ya hilo. Dada hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa.

Asubuhi nilikuwa nafunga kifurushi changu nikasikia mlango unapigwa kwa fimbo. Nikafungua. Mzee alikuwa amesimama barazani, kofia imenyooka, ngoma iliyopasuka kwapani.

"Ni wewe fundi ya kuchoma ngoma!" akaanza.

Jana alikuwa amejizuia kwa ajili ya wageni. Leo alinipa yote. Ngoma ile ilikuwa ya baba yake. Ilivuka bahari. Ilipona panya wa melini, ilipona mvua za Iringa, haikupona kwangu. Lile duara jeusi si uchafu, ndiyo sauti yenyewe. Alikuwa akisogea na fimbo, nami ni mwoga, sina haja ya kuficha. Nilirudi nyuma hatua moja, akanifuata. Nikarudi sebuleni, akanifuata. Nikazunguka meza ya chakula, naye akazunguka akinionyesha tundu. Nilipofika ukutani sikuwa na pa kwenda, nikasema, "Kaa basi, mzee, unigombeze vizuri," akavuta kiti akakaa, akaendelea.

Dada alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameileta kwa ajili yangu. Alisogea, akaiweka mbele ya mkwe wake, akarudi nyuma. Mpwa wangu alikuwa nyuma yake, sare ya shule hajamaliza vifungo. Shemeji alitokea chumbani amepaka sabuni nusu ya uso, akaganda hapo hapo.

Mzee akaitazama chai. Akatazama kuta, picha, makabati aliyoyachonga mwanawe, na viatu vyake mwenyewe juu ya mkeka. Nilimwona anavyogundua alipo. Akainama, akavua viatu, akavipanga kando ya kiti. Kisha akachukua kikombe akanywa funda moja.

"Nani napika hii chai?"

"Mimi, baba," dada akasema.

"Sukari kidogo."

Dada alikwenda kuleta sukari, akarudi na kopo zima.

Mzee alimaliza kikombe, akaongezewa kingine, akanigombeza kidogo zaidi kwa ajili ya heshima, akamwambia mjukuu wake kwamba katika lile fungu la mwisho, mara ya pili, aliwahi kwa upana wa unywele. "Ndiyo, babu," mtoto akajibu. Kisha mzee akavaa viatu akaenda kufungua duka. Nilikimbilia basi langu, na tulipokuwa tunapanda kuelekea Mafinga ndipo nilipokumbuka kuwa ngoma ameiacha juu ya meza.

Nilijiandaa kwa barua ya amri. Ilikuja baada ya miezi miwili, fupi kama kawaida. Dada aliandika kwamba wote wazima, kwamba mchele wa Ubaruku umekwisha na nikipata mwingine nisisite, na kwamba ile ngoma bado ipo sebuleni. Kila Jumapili mkwe wake huja kuichukua, na kila Jumapili huisahau.